Siku Mwanagenzi Anapokuwa Fundi

Nyumba mpya nchini Tanzania haiunganishiwi umeme wa TANESCO mpaka fomu ya kazi ya nyaya iwe na saini na muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Aliyepasua kuta, akapitisha mabomba, akavuta nyaya na kufunga soketi mara nyingi si huyo. Ni kijana aliyejifunza kazi kwa kumfuata fundi mwingine kwa miaka, anayeijua kila kona ya nyumba ile, lakini hana leseni. Kazi ikiisha hutafutwa mwenye muhuri, naye hulipwa kwa kugonga muhuri. Huenda wote wawili hawakuwahi kuona mlango wa chuo kikuu. Kinachowatenganisha kwa kipato, na kwa namna kila mmoja anavyoizungumzia kazi yake mbele za watu, ni kwamba mmoja amethibitishwa kuwa amehitimu, na mwingine hajawahi kuambiwa hivyo na yeyote.

Mjadala wetu kuhusu maisha bila shahada hupita mbali na jambo hili. Upande mmoja wapo wanaoamini kwamba aliyekosa chuo amekosa maisha. Upande wa pili zipo simulizi za waliotoboa: tajiri fulani aliyeacha shule, mwenye maduka fulani asiyejua Kiingereza. Simulizi hizo hazimsaidii kijana wa Keko jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, kwa sababu zinamweleza mtu mmoja aliyevuka na kuwaacha maelfu waliobaki. Swali lenye faida ni la jamii nzima: imemwandalia mtu asiye na shahada njia gani ya kujifunza kazi, njia hiyo huishia wapi, na anayefika mwisho hukabidhiwa nini?

Ninaamini kipato cha mtu huyo, na ridhaa yake kazini, hutegemea sana siku hiyo ya kukabidhiwa. Ili kulipima dai hili naziweka mila tatu kando kwa kando: ya Wajerumani, ya Waigbo wa Nigeria, na ya mafundi wa Pwani yetu pamoja na warithi wao wa jua kali, yaani mafundi wa sekta isiyo rasmi. Zote tatu humfunza mtu kazini, chini ya jicho la anayeijua kazi. Zinaachana pale mafunzo yanapofika ukingoni.

Ujerumani imejibu kwa sheria. Vyama vya mafundi vya miji ya zama za kati vilikuwa na ngazi tatu: mwanagenzi, fundi wa kuajiriwa, na fundi mkuu. Prussia ilivivunja nguvu vyama hivyo mwaka 1810 ilipotangaza uhuru wa kufanya biashara, lakini ngazi zake hazikufa. Sheria ya mwaka 1897 ilivipa vyombo vya mafundi mamlaka mapya, sheria ya ufundi ya mwaka 1953 ikaziimarisha ngazi zile, na sheria ya mafunzo ya kazi ya mwaka 1969 ikaupanga uanagenzi wa nchi nzima. Leo zipo fani zaidi ya 320 zinazotambuliwa. Kijana husaini mkataba na kampuni au karakana, hufanya kazi siku tatu au nne kwa wiki, na siku moja au mbili huenda shule ya ufundi. Mafunzo huchukua kati ya miaka miwili na mitatu na nusu. Muda wote huo hulipwa. Kwa walioanza mwaka 2020, sheria iliweka kima cha chini cha euro 515 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza.

Mwisho wake unajulikana tangu siku ya kwanza. Mwanagenzi hutahiniwa na kamati ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa waajiri, wa wafanyakazi, na walimu wa shule za ufundi. Kwa hiyo yule aliyemfunza hawezi kumzuia peke yake, wala kumpitisha peke yake. Akifaulu, cheti chake kinasomeka Hamburg kama kinavyosomeka Munich. Akitaka kuwa fundi mkuu, atafanya mtihani wenye sehemu nne: kazi ya mikono, nadharia ya fani, uendeshaji wa biashara na sheria zake, na ualimu. Hiyo ya nne ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Wajerumani hawamhesabu mtu kuwa amekamilika katika ufundi mpaka aweze kumfundisha mwingine. Na katika mfumo wa taifa wa sifa za elimu, cheti cha fundi mkuu kimewekwa ngazi ya 6, sawa na shahada ya kwanza.

Waigbo wamejibu swali hilohilo bila kuitegemea serikali. Mfumo wao, igba boi, ni wa biashara zaidi kuliko wa ufundi wa mikono. Mzazi humkabidhi kijana wake kwa mfanyabiashara, oga, na pande mbili hukubaliana miaka, aghalabu mitano hadi minane. Kijana hapokei mshahara. Hulala, hula na huvaa kwa oga. Hufagia duka, hubeba mizigo, kisha hujifunza kununua, kupanga bei, kusoma uso wa mteja na kutunza uaminifu wa wauzaji wa jumla. Muda ukitimia, oga humfungua: humpa fedha, bidhaa za kuanzia, pengine na kodi ya duka la kwanza. Mtihani haupo, wala cheti. Uthibitisho wake ni mtaji, unaotolewa mbele ya ndugu.

Mila hii ilipimwa kwa moto. Vita vya Biafra vya kujitenga na Nigeria vilipomalizika mwaka 1970, Waigbo waliokuwa na akiba benki walirudishiwa pauni 20 tu kila mmoja, hata kama aliweka maelfu. Jamii iliyopokonywa fedha zake ilibaki na watu wanaojua kazi na waliozoea kuinuana. Aliyepata kidogo alimchukua kijana, akamfunza, akamfungua; aliyefunguliwa naye akachukua wake. Masoko ya Onitsha, Nnewi na Aba, na soko la vifaa vya umeme la Alaba jijini Lagos, yana alama ya mnyororo huo. Nnewi, mji wa wauza vipuri, ndipo Innocent Chukwuma alipoanza na vipuri vya pikipiki kabla ya kujenga kiwanda cha magari cha Innoson. Simtaji kama kipimo, maana wa aina yake ni wachache. Kipimo ni wale wenye duka moja, watoto shuleni, na kijana mmoja au wawili wanaosubiri zamu yao ya kufunguliwa.

Pwani yetu nayo ilikuwa na jibu lake, na tusilisahau kwa kulitazama la wengine. Katika magati ya kuunda vyombo ya Nungwi kule Unguja na Matondoni kule Lamu, na katika karakana za wachonga milango ya Mji Mkongwe, mwanagenzi huanzia chini: kukusanya vumbi la mbao, kushikilia ubao, kunoa patasi. Baadaye huruhusiwa kukalafati, kuziba nafasi za mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, kazi ambayo uzembe wake huonekana chombo kinapokuwa majini. Mwishowe hushika tezo na keekee. Jahazi huundwa bila mchoro. Vipimo vimo katika jicho la fundi, na jicho hilo hurithishwa kwa miaka ya kusimama karibu naye.

Nayo mila hii ilikuwa na siku yake. Kilemba, zawadi ya desturi inayotolewa kazi au mafunzo yanapokamilika, kilimfikia mwalimu wa fani kama kilivyomfikia somo au kungwi aliyemlea mwari. Kwa zawadi hiyo mtaa ulijua kwamba jambo limetimia. Tangu hapo kijana alitajwa kwa jina la fundi wake, na jina hilo lilikuwa dhamana. Mwenye nyumba hakuhitaji kuona cheti; alimjua aliyefunza, na alijua kwamba aliyefunza asingekubali aibu ya kazi mbovu.

Dhamana hiyo ilitegemea udogo wa mji. Jina la fundi wa Matondoni lina thamani palipo na watu wanaolijua. Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi za leo zina mamilioni ya watu, na mteja wa Mbezi hana njia ya kujua nani alimfunza seremala aliyemwona kando ya barabara. Uanagenzi uliendelea, ukastawi hata, lakini mwisho wake ulipotea njiani. Ndiyo maana kwenye ujenzi tunaye saidia fundi aliyekuwa saidia fundi miaka kumi iliyopita. Anajua kupiga plasta, kupanga tofali, kusoma pimamaji. Analipwa kwa kutwa, na kutwa yake inapangwa na mwingine. Hakuna siku iliyowekwa ya yeye kuacha kuwa msaidizi, basi hubaki msaidizi mpaka ajitangaze mwenyewe, na anapojitangaza, mteja hana sababu ya kumwamini kuliko aliyejitangaza jana bila kujua kazi. Wote wawili hushindania bei ya chini.

Nchi zetu zimeligusa tatizo hili mara nyingi bila kufika kwenye kiini. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, si chumba cha kusubiria sekondari, kwa kuwa wengi wasingeendelea. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaonyesha wapanga sera kwamba mafundi wa vichochoroni walikuwa wakizalisha na kuajiri kwa kiwango kisichopuuzika. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea wafua vyuma wa Kamukunji, wakajengewa vibanda. Lilikuwa jambo jema, lakini walipewa paa, hawakupewa hati. Leo takwimu rasmi za Kenya zinaonyesha zaidi ya asilimia 80 ya ajira ziko katika sekta isiyo rasmi, na sehemu kubwa ya mafundi waliomo walijifunza kazi kwa njia isiyo na mwisho unaotambulika.

Sasa turudi kwenye fedha. Kukabidhiwa peke yake hakumtajirishi mtu. Wasusi na vinyozi wa Ujerumani wana mitihani, wana vyeti, na wanaotaka kufungua saluni hudaiwa cheti cha fundi mkuu, lakini fani yao inajulikana kwa malipo madogo. Soko la huduma hiyo halilipi zaidi, na karatasi hailigeuzi. Vilevile, mtaji wa oga haumwokoi kijana aliyefunguliwa katika bidhaa iliyokwisha kujaa sokoni. Kinachotolewa na siku ya kukabidhiwa ni kidogo kuliko utajiri, ila kina uzito: haki ya kutaja bei. Aliyethibitishwa huingia katika mapatano akiwa na kitu mkononi, cheti, mtaji au jina. Asiyethibitishwa huingia akiwa na maneno matupu, na mkono mtupu haulambwi.

Haki hiyo ya kutaja bei ndiyo inayonipeleka kwenye ridhaa. Mwaka 2000 mchumi Barton Hamilton alichapisha utafiti kuhusu Wamarekani waliojiajiri: wengi wao, hata baada ya miaka kumi, walipata pungufu ya kile ambacho wangelipwa kama waajiriwa, na bado walibaki katika biashara zao. Matthias Benz na Bruno Frey wa Zurich walitazama takwimu za Ujerumani, Uingereza na Uswisi, wakakuta waliojiajiri wanaifurahia kazi yao kuliko walioajiriwa, na sababu kubwa ni uhuru wa kuamua. Matthew Crawford, mwenye shahada ya uzamivu ya falsafa ya siasa kutoka Chicago, alifungua karakana ya pikipiki huko Virginia, na katika kitabu chake cha mwaka 2009 akaitetea heshima ya kazi ambayo injini yenyewe huitolea hukumu kwa kuwaka au kutowaka. Maneno yake yana nguvu. Ila tukumbuke kwamba yeye alichagua, na shahada yake ilikuwa imebaki kabatini iwapo karakana ingemshinda.

Hapa wapo wanaoyashika matokeo hayo na kusema kijana wetu ana bahati, kwani naye amejiajiri. Hapana. Saidia fundi anayefika kijiweni saa kumi na mbili asubuhi kungoja kuitwa huandikwa katika takwimu kwamba amejiajiri, na wala haamui saa, bei, mbinu wala mteja. Ana hatari zote za mwenye biashara na utumwa wote wa kibarua. Kumwambia aridhike kwa sababu yu huru ni kumnyima haki mara ya pili. Uhuru unaoleta ridhaa huja baada ya kuhitimu, pale mtu anapoweza kukataa kazi mbaya kwa kuwa anajua nyingine itakuja.

Kuna haki ya pili, na mila zote tatu zinakubaliana juu yake bila kuwahi kukutana. Mjerumani hawi fundi mkuu bila mtihani wa ualimu. Mwigbo aliyefunguliwa hutarajiwa kumchukua kijana. Fundi wa Matondoni hutajwa kwa jahazi alizounda na kwa vijana aliowatoa. Katika kila moja, ukomavu ni kuruhusiwa kufundisha. Naamini sehemu kubwa ya ridhaa ya kazi imelala hapo. Kipato huweza kupanda na kushuka, mwili huchoka, lakini mtu anayejua kwamba kazi yake inaendelea mikononi mwa mwingine hajioni kuwa alipita bure. Saidia fundi wa miaka kumi hunyimwa hili pia, maana anayeitwa msaidizi hakabidhiwi mtoto wa mtu.

Kila mila ina kasoro yake, na si haki kuzificha. Ujerumani huwatenganisha watoto mapema. Katika majimbo mengi, mtoto wa takriban miaka kumi huelekezwa aina ya shule inayoweza kuamua kama atafika chuo kikuu. Tena masharti yanaweza kugeuka ua wa kuwazuia wengine. Kwa hoja hiyo, mwaka 2004 Ujerumani iliondoa sharti la fundi mkuu katika fani 53. Biashara mpya ziliongezeka, hasa za mtu mmoja mmoja, lakini wanagenzi wakapungua katika fani hizo, kwa kuwa asiye na fundi chini yake hana pa kumweka mwanafunzi. Mwaka 2020 sharti lilirudishwa katika fani 12, wapiga vigae wakiwemo. Huko Nigeria doa ni jingine: oga asiye mwaminifu huweza kumsingizia kijana wizi miezi michache kabla ya kumfungua, akamfukuza mikono mitupu baada ya miaka saba ya kazi bila mshahara. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, na mdomo hausimami mbele ya mwenye nguvu.

Kasoro nyingine ni ya kuwaacha wanawake kando. Igba boi kwa kawaida ni mlango wa wavulana. Kwetu, kofia za mkono za Lamu na Unguja hushonwa zaidi na wanawake, kofia moja ikichukua wiki hata miezi, kisha huuzwa na wafanyabiashara wanaopanga bei. Mshonaji alifundishwa na mama au shangazi, hakuna aliyetangaza kwamba amehitimu, na kazi yake huhesabiwa kuwa ya kupitishia muda. Mahali ambapo mafunzo hayana jina, bei nayo haina mtetezi.

Na kuna uzee. Husemwa ujuzi hauzeeki, na ni kweli. Mwenye ujuzi ndiye huzeeka. Ujerumani humlazimu fundi aliyejiajiri katika fani zenye sharti la fundi mkuu kuchangia pensheni ya taifa kwa angalau miaka 18, kwa hiyo kutambuliwa kwake kunafungamana na mwisho wa maisha yake ya kazi. Kenya ilianzisha Mpango wa Pensheni wa Mbao mwaka 2011, ambapo fundi wa jua kali angeweza kuweka shilingi 20 kwa siku kwa simu. Wazo hilo ni sahihi, na lingekuwa na mizizi zaidi kama lingeanza siku ya kuhitimu, mtu angali na nguvu, badala ya kumfuata akiwa tayari na mgongo mbovu.

Tuchukue nini? Hatuwezi kuihamisha Ujerumani. Mfumo wake unasimama juu ya vyama vya waajiri na vya wafanyakazi vilivyojengwa kwa zaidi ya karne. Lakini kiini chake, tarehe ya mwisho iliyoandikwa tangu mwanzo, hakigharimu kitu. Fundi na mzazi wanaweza kuandika ukurasa mmoja: mwanagenzi atajifunza haya, kwa miaka hii, atapewa posho hii, na ataachiwa siku hii, mjumbe wa mtaa au mzee wa mtaa awe shahidi. Mtahini wa nje naye tunaye. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza nje ya mfumo rasmi, na Kenya inayo mitihani ya daraja la tatu hadi la kwanza chini ya NITA, mamlaka yake ya mafunzo ya viwandani. Milango ipo, wapimaji waifuate karakana ilipo, maana anayepoteza siku tatu kwenda kupimwa hupoteza chakula cha siku tatu.

Kwa Waigbo tuchukue mtaji. Halmashauri za Tanzania hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sehemu ya fedha hizo ikifungamanishwa na kuhitimu uanagenzi, kijana atatoka kwa fundi wake akiwa na mashine ya kuchomelea au cherehani, si barua ya pongezi tu. Na kwa mababu zetu wa Pwani tuchukue heshima ya aliyefunza. Cheti cha mwanagenzi kibebe jina la fundi wake, na fundi anayetoa wanagenzi walio bora alipwe kwa kazi hiyo kama mwalimu yeyote, kwa sababu ndivyo alivyo.

Chuo kikuu kitaendelea kuwapokea wachache, na sioni ubaya wa hilo. Ubaya uko katika kuiacha njia ya walio wengi ikiwa na mwanzo na isiyo na mwisho. Watu hawa wanajenga nyumba tunazolala, wanashona nguo tunazovaa, wanatengeneza magari yanayotufikisha kazini. Wanatudai vitu vitatu: siku ya kuhitimu inayojulikana, haki ya kutaja bei yao, na ruhusa ya kumfundisha mwingine. Fundi aliye na mwanagenzi leo anaweza kuanza na cha kwanza kabla ya jioni, kwa kumtajia tarehe.